Uji Ndani ya Rejeta

Jumatatu, 3 Machi

Hodi. Apio binti yangu, aliyenipa daftari hili akirudi kazini Eldoret, aliniambia shajara haina salamu. Ati mtu anaandika tarehe, halafu anaingia tu. Mimi niliishia darasa la tano, lakini hata huko sikufunzwa kuingia kwa watu kama mwizi. Basi nasalimu kwanza. Apio, wewe utakayesoma haya ukija Pasaka, hujambo? Ochom, kifungua mimba wangu, huko Nakuru kwa kazi ya ulinzi, hujambo? Hapa nyumbani Adungosi mzee wangu Okwakol hajambo, ni mgongo tu. Ndugu yake, shemeji Okiror, hajambo, anakula vizuri. Ng'ombe hajambo na ndama wake. Kuku hawajambo, isipokuwa yule mwekundu, amekataa kuatamia na sijui ninamkosea nini. Trekta hajambo.

Hapana. Trekta ni mgonjwa sana. Ndiyo maana naandika.

Ni ile trekta ndogo ya Ochom, ya silinda tatu, ilitumika kwa Wajapani kwanza. Ochom amejinyima mpaka shingo ikawa nyembamba ndipo akainunua. Sasa kuna msichana anaitwa Nanjala, wa Alupe, anamtaka na yeye anamtaka. Humenya kiazi ganda likatoka jembamba kama karatasi. Msichana kama huyo hatupwi. Lakini baba yake, Mzee Oduori, ni mtu wa kupima. Alisema vijana wengi wamemwahidi vitu kwa mdomo, kwa hivyo hatakaa na wazee wetu kuzungumza posa mpaka aone shamba lake limelimwa na hiyo trekta anayosifiwa, tena kabla mvua haijakolea. Ochom akakubali kwa simu. Kulima ni kazi yetu sisi tulio nyumbani.

Jumamosi tuliijaribu kwa shamba letu. Ikazimika.

Niandike vizuri vile ilikuwa. Rejeta ilikuwa inavuja kidogo pale chini. Hilo nililimaliza mwenyewe. Niliwaza, uji wa wimbi ukimwagikia jiko hautoki hata kwa kisu. Nikatia kikombe kimoja cha unga wa wimbi, ule mzuri wa Angurai, kwa maji ya rejeta. Kuvuja kukaisha. Kwa hivyo shida haiwezi kuwa rejeta, hapo niko safi.

Okiror ndiye alikuwa anaendesha. Anasema mshale wa joto ulipanda mpaka mwisho, akafikiri ni nguvu. Akaongeza mafuta. Halafu kukatoka sauti kama mtu amemeza jiwe, moshi, kimya.

Mimi nashuku ile dizeli aliyonunua kwa mtungi kutoka ng'ambo, upande wa Uganda. Au nishuku Roselida. Roselida ni jirani, ana ng'ombe wanne wa kulima. Asubuhi hiyo alipita akasema trekta imependeza. Mtu anasema hivyo kwa sababu gani?

Mzee wangu alitoka, akaiangalia, akasema yeye hasemi kitu. Akarudi kwa redio yake. Baadaye akatoka tena kusema hasemi kitu.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wangu: trekta ifike Malaba kwa fundi bila mtu kujua.

Shida ya mpango: haitembei. Na wa kuivuta hapa Adungosi ni ng'ombe wa Roselida peke yao.

Jana jioni nikaenda kwake na mayai kidogo. Nikamwambia trekta inaenda sarvisi tu, ya kawaida. Akauliza kama sarvisi ya kawaida inaenda ikivutwa. Nikasema ndiyo, ni za Kijapani. Akakubali haraka sana. Laiti ningejua ni mtego.

Nikafunika trekta na turubai mpaka magurudumu, nikafunga kamba vizuri, mtu aone ni mzigo. Tukatoka alfajiri. Kufika pale malori yanapanga foleni ya kuvuka mpaka, madereva wako nje wanapiga mswaki, hawana la kufanya. Wakatuangalia wote. Mmoja akauliza mazishi ni ya wapi. Roselida mbele na kiboko, anasalimu kila mtu anayemjua, na anajua watu! Kila salamu anaongeza, ni ile trekta ya kina Mama Ochom, imekufa. Turubai halikusaidia kitu.

Tulipofika akafungua ng'ombe wake, akawapapasa shingo, ndipo akaniambia polepole kama mtu anafundisha katekisimu:

"Ng'ombe hanywi dizeli, Mama Ochom. Hunywa maji tu, na hayo anajitafutia."

Nikamshukuru. Nimeiweka moyoni.

Gereji ni uwanja nyuma ya foleni ya malori. Nikakuta msichana amevaa ovaroli, mikono nyeusi mpaka kiwiko. Nikamwomba aniitie fundi. Akasema ndiye. Nikacheka kidogo, nikamwambia mwanangu, niitie mwenyewe. Akaendelea kufunga nati ya lori akasema ninaweza kumngoja fundi mwingine, lakini atakuja akiwa na uso huuhuu. Jina lake Everline. Nikampa viazi vitamu nilivyobeba kwa njia. Alikula akiwa amesimama. Hana mtu wa kumpikia, inaonekana.

Alhamisi, 6 Machi

Nilienda Malaba tena. Everline amefungua. Mimi sipendi kuangalia mgonjwa akipasuliwa, lakini nilikaa.

Alianza na rejeta. Akaingiza waya, akavuta, ukatoka na kitu cha kahawia, kizito. Akanusa. Akaita fundi wa malori aje anuse. Akaja na wenzake.

"Mama," Everline akasema, "hii injini imekunywa uji."

Nikaeleza kuhusu unga, kwamba ulikuwa mzuri, wa Angurai. Mmoja akataka kujua kama nilitia sukari. Nikasema hapana, sisi si wa kupoteza. Wakaenda nyuma ya lori kucheka, nikawasikia.

Everline akaeleza, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa naomba kimoyomoyo. Unga ulipikika ndani kwa joto. Uji ukaganda kwa njia ndogo za maji. Maji hayakupita, injini ikachemka. Silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya injini, ikapinda, gasketi ikaungua, pistoni zikavimba zikakwaruza ukuta wa silinda. Beringi nazo zimelika. Akanipa pistoni moja niishike. Ina mikwaruzo kama mguu wa mtoto aliyeanguka kwa barabara ya murram. Nikaipangusa na leso.

Nikauliza kama hatuwezi kuloweka usiku kucha, sufuria zangu hutoka hivyo. Akasema hapana. Hedi iende Busia ikanyooshwe kwa mashine. Pistoni, ringi, beringi, gasketi, vyote vipya. Rejeta ifunguliwe, izibuliwe, ichomelewe pale palipotoboka. Sasa beberu wangu ameenda sokoni kulipia hayo, yule mwenye ndevu. Sitaki kuandika zaidi juu yake.

Nikamkumbusha pia kuhusu dizeli ya ng'ambo. Akaipima, akasema ni safi. Huyu Everline anajua kazi, lakini ana kitu na unga.

Jumamosi, 8 Machi

Ochom hupiga simu kila Jumamosi. Jana alituma ujumbe kwamba ameikumbuka trekta, anataka nimsikizishe sauti yake. Mtoto huyu! Wengine wanakumbuka mama zao.

Singemwambia. Analinda ghala la watu, akiwaza mchana hatapumzika, usiku atalala, akilala atafutwa kazi. Ni mama gani anafanya hivyo?

Nikawaza mpaka nikapata. Posho mili, kile kinu cha kusaga unga hapa sokoni, ina injini ya dizeli. Dizeli ni dizeli. Nikasimama nyuma ya ukuta wake na simu, ikalia, nikamwambia sikia, nikainyoosha dirishani. Akasikiliza muda mrefu. Nilipoirudisha sikioni akasema inaonekana imekuwa nzito. Nikasema imenenepa. Ndipo mwenye kinu akapaza sauti huko ndani kuuliza ni nani ameleta muhogo mbichi kwa mashine yake.

Ochom akauliza huyo ni nani. Nikasema tumebeba muhogo wa watu, trekta iko kazini. Akafurahi mpaka sauti ikakatika. Akasema basi Mungu ni mwema, kama inabeba muhogo itabeba na wazee siku ya kwenda kwa kina Nanjala, wasitembee kwa miguu kama watu wasio na mtoto.

Nilirudi nyumbani nimejaa unga kichwani, sikujua. Roselida alikuwa kwa njia. Akauliza kama nimezeeka leo ama ilianza jana.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimefanya kazi nzuri, naandika kwa furaha.

Nilipeleka chakula Malaba, kunde na ugali. Everline hakuwepo, alikuwa amepanda gari asubuhi kwenda Busia kuchukua ile hedi na pistoni mpya. Uwanja haukuwa na mtu wetu. Na vyombo vya trekta vimetandazwa chini kwa magunia! Vichafu, vimejaa oili, vimechorwachorwa na chaki nyeupe kama ukuta wa darasa la watoto. Kila kitu na kagunia kake. Nikaona aibu kwa niaba yake. Msichana anafanya kazi usiku na mchana, hana mama karibu, nani atamwoshea?

Nikavua leso, nikaomba karai kwa mama wa chai. Sabuni ya unga, majivu, na waya ya kusugulia sufuria. Nimesugua kila chuma. Hata ile chaki imetoka yote, haikubaki alama. Malaba hawana kichanja cha vyombo kama chetu nyumbani, lakini kulikuwa na vyuma vya kitanda cha zamani, nikavisimamisha juu ya mawe, nikapanga. Vikubwa chini, vidogo juu. Vinavyofanana pamoja, vile vifuniko vya beringi nimevifuatanisha kama vikombe vya wageni. Jua likawaka juu yake, vikang'aa. Fundi wa lori alikuja, akasimama. Akaniambia pole. Nikasema hakuna pole, ni kazi ndogo.

Chakula nimekifunika na sahani. Atafurahi.

Alhamisi, 13 Machi

Hakufurahi.

Nilimkuta amekaa juu ya gurudumu, anaangalia kile kichanja. Sahani ya kunde iko tupu, hiyo ni dalili nzuri, nikajipa moyo. Akaniuliza kwa upole sana kama ni mimi. Nikasema usijali, mwanangu.

Kumbe yale magunia yalikuwa ni mpango. Kifuniko cha beringi kilichokuwa mbele lazima kirudi mbele, cha nyuma kirudi nyuma, hata kama kwa macho vyote ni mapacha, kwa sababu vilikatwa kila kimoja na kiti chake. Chaki ilikuwa ni namba zake. Nimeosha namba.

Amekuwa akijaribu tangu asubuhi. Anaweka vifuniko, anakaza, anazungusha krenki, ule mhimili wa ndani ya injini, kwa mkono, inakataa. Anafungua, anabadilisha, anakaza, inakataa. Tena usiku umande ulianguka na vimeanza kushika kutu pale nilipong'arisha sana. Nikamwuliza kwani haviwezi kuzoeana. Akasema:

"Mama, hivi vina ndoa. Huwezi kuwabadilishia watu mabwana kwa sababu wanafanana."

Hapo alinigusa, kwa sababu ya Nanjala.

Nikasogea kusaidia. Akachukua chaki, akachora mstari chini, akaweka kigoda upande wa huko, akaniomba nikae hapo na nisivuke. Mimi, mama wa watu! Nimekaa. Nikawa ninamwelekeza nikiwa kwa kigoda. Baadaye akasogeza mstari nyuma zaidi.

Jioni krenki ikazunguka, laini, kama kijiko ndani ya chai. Akafunga macho kidogo. Halafu akachukua nyundo na patasi, akagonga vidoti kwa kila kifuniko, kimoja, viwili, vitatu, akiniangalia. Akasema hivyo sasa hata sabuni yangu haiviwezi.

Jumapili, 16 Machi

Mvua! Imeanza tukiwa kanisani. Watu wakapiga makofi. Mimi nikakaa.

Baada ya misa Roselida akanishika mkono. Alikuwa Alupe wiki hii kumwona dada yake. Akapita kwa Mzee Oduori, kwa njia tu. Akamwambia kama ana haraka, ng'ombe wake wako. Alisema hivyo akinifuta tope kwa kanga. Angekuwa mchawi angenipa angalau nafasi ya kumchukia vizuri.

Sikungoja chakula. Nikachukua kuku, yule mwekundu asiyeatamia, nikaenda Alupe. Mpango: nimwambie Mzee Oduori udongo bado haujashiba maji, alime wiki ijayo.

Nilimkuta kwa kiti chake, anaangalia shamba. Akampokea kuku kwa heshima. Nanjala akaleta chai na mkate. Sasa, mimi siwezi kula kwa watu ambao wazee wetu hawajakaa nao, hivyo ndivyo nilivyolelewa. Nilikuwa nimetembea mpaka koo limekauka, na chai ile ina maziwa mengi. Nikaikataa nikiiangalia. Nanjala akainamisha kichwa, nafikiri alicheka.

Nikatoa hoja ya udongo. Mzee akainama, akachota udongo, akauweka kwa mkono wangu. Ukashikana kama ugali.

Akauliza kitu kimoja tu. Trekta iko? Nikajibu iko. Si uongo, iko Malaba. Akasema Alhamisi basi. Ikifika, wazee wetu waje. Isipofika, atawaita ng'ombe wa Roselida, na Nanjala ataambiwa aache kungoja watu wa maneno. Hakukasirika. Alisema kama mtu anatangaza bei ya mahindi.

Nanjala alinisindikiza mpaka barabarani. Kwa kuagana alinifunga leso vizuri kichwani, ilikuwa imelegea. Nimelia kidogo kuanzia hapo mpaka nyumbani. Mzee wangu akaniuliza kilichotokea, nikamweleza. Akasema hasemi kitu, akaenda mwenyewe kuniwekea maji ya kuoga.

Jumanne, 18 Machi

Siwezi kukaa nyumbani. Nilifika Malaba kabla ya mama wa chai.

Everline amelala chini ya trekta mpaka mchana. Okiror naye tulikuja naye, ndiye wa kuirudisha. Aliombwa ashike taa, akashika, akalala akishika. Mimi niko kwa kigoda changu nyuma ya mstari, namenya njugu. Everline anakaza hedi kwa spana ndefu, nati kwa nati, kwa zamu, kutoka katikati kwenda nje, anarudia. Nikamwambia ni kama kubana mkeka. Akasema ndiyo, mama. Mara ya kwanza amekubali kitu changu.

Akajaza oili. Akajaza maji. Akageuza ufunguo. Ikakohoa. Akatoa hewa kwa bomba la dizeli, akageuza tena. Ikakohoa. Madereva wa malori wakaanza kukusanyika, wale wale wa mswaki. Mara ya tatu ikatoa moshi mweupe mwingi, ikatetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa, ikashika.

Jamani, ile sauti. Nilivuka mstari. Hakuna aliyenizuia. Nilimkumbatia Everline na oili yake yote, gauni langu la kanisani limeharibika na sijali. Dereva mmoja, aliyeuliza mazishi, akavua kofia. Nikampigia Ochom hapohapo, nikasema sikia. Akasikia. Akasema leo inaonekana imepungua uzito. Nikasema imefanya mazoezi.

Everline akaizima, akaniita pembeni, akaniambia nimwangalie usoni. Injini ni mpya ndani, isibebeshwe kazi nzito mara moja. Oili ibadilishwe mapema. Na kwa rejeta ni maji. Maji tu. Akaniambia nirudie. Nikarudia: maji tu. Akaniambia nirudie tena, Okiror akiwa shahidi. Nikarudia. Halafu mvua ikaanza kupiga mabati akawa anaendelea kueleza kitu kuhusu mipira ya maji, kwamba ikishapata joto mara kadhaa vile vibano vyake hulegea, vikazwe. Akanipa bisibisi. Sikusikia yote kwa sababu ya mabati, na nilikuwa nawaza nimtafutie mume.

Alhamisi, 20 Machi

Tulifika Alupe asubuhi. Okiror anaendesha, mimi nimekaa nyuma na sufuria ya maji safi kwa magoti. Maji tu!

Na nani yuko shambani? Roselida na ng'ombe wake wanne. Mzee Oduori aliwaita pia. Alieleza bila aibu kwamba yeye ni mtu wa mguu mmoja hapa, mguu mmoja pale. Watakaomaliza nusu yao kwanza, hao wanajua kazi.

Kwa hivyo trekta ikaanza huku, ng'ombe huko. Niliomba rozari nzima. Okiror, mtu ambaye huchukua asubuhi kuvaa kiatu, aliendesha kama mtu mwingine. Mistari imenyooka. Udongo unageuka mweusi, ndege wanafuata nyuma. Kila akifika mwisho nilikimbia kupapasa rejeta kama nampima mtoto homa. Vuguvugu. Mshale katikati.

Tulikuwa mbele kabisa mpaka kwenye bonde dogo la chini. Pale kuna chemchemi, Okiror akaingia, gurudumu likazama. Kila akikanyaga mafuta linachimba zaidi. Nikakumbuka Everline: isibebeshwe. Nikapiga kelele azime. Akazima. Kimya. Nikaona Mzee Oduori ameinuka kwa kiti.

Roselida alisimamisha ng'ombe. Alikuwa amebakiza kidogo sana, angemaliza tu. Akafungua jembe lake, akaleta wale wanne mpaka bondeni, akafunga mnyororo kwa trekta bila kuniuliza. Ng'ombe wakainama, trekta ikatoka kama jino. Nikamwuliza kwa nini. Akasema Ochom alichunga ng'ombe hawa akiwa mdogo, na mimi nilimzalisha binti yake wa pili usiku ambao gari halikupatikana, nimesahau? Sikusahau. Sikujua yeye anakumbuka.

Halafu akaongeza, kwa sauti ya shamba zima, kwamba ng'ombe hanywi dizeli. Ikabidi nimshukuru. Ninadaiwa.

Nani alimaliza kwanza? Hakuna anayejua, sote tulikuwa bondeni tumejaa tope. Mzee Oduori akatembea mpaka pale shamba la trekta na shamba la ng'ombe yanapokutana, akachungulia, akasema limelimwa.

"Mwambie kijana awalete wazee," akasema. "Jumamosi ijayo. Wewe nawe siku hiyo utakunywa chai yangu."

Nanjala alikuwa mlangoni. Alikimbilia jikoni.

Jumapili, 23 Machi

Salamu tena, maana habari ni njema. Ochom amepata ruhusa, anafika Ijumaa. Jumamosi trekta itavuta tela, wazee sita wamekaa juu na koti zao, mpaka Alupe. Mzee wangu amepiga suti pasi, hata hajasema kwamba hasemi kitu. Roselida naye anakuja, nimemwekea nafasi mbele, afe vizuri akiona. Everline nimemwalika kwa sababu zangu. Okiror amenyoa.

Leo baada ya kanisa nimeosha trekta kwa nje tu, nje hakuna chaki. Nikaona kitu. Pale mpira wa maji unapoingia kwa rejeta kuna tone. Dogo. Linaning'inia, linaanguka, lingine linakuja.

Nimewaza sana. Nimpigie Everline? Ni Jumapili, msichana apumzike. Nimwambie Okiror? Atafikiri ni nguvu. Nikirudi kwa maneno ya Everline, alisema maji tu, ni kweli, na nilirudia mbele ya shahidi. Lakini wakati huo haikuwa inavuja. Mtu akikupa dawa ya malaria hamaanishi usifunge kidonda.

Tena nimechunguza kosa la kwanza limetoka wapi. Lilikuwa ni makapi. Wimbi ule wa Angurai haukuchekechwa vizuri, na kikombe kilikuwa kikubwa. Leo nimechekecha mara mbili kwa kitambaa cha maziwa. Nusu kikombe tu. Mkebe wa unga ulikuwa umekwama kifuniko, lakini bahati nzuri ile bisibisi ya Everline ilikuwa mfukoni, ikaufungua mara moja. Kumbe ni kifaa kizuri, sijui kwa nini alinipa.

Nimetia. Nimekoroga. Nimengoja. Tone limekauka, Mungu ni mwema.

Sasa, Apio, najua haya utayasoma Pasaka, lakini jambo hili haliwezi kungoja mpaka Pasaka. Wewe umesoma. Niambie kama unga wa muhogo hushika kuliko wimbi, maana muhogo huvutika na ninao gunia zima. Jibu haraka, kabla ya Jumamosi, kwa simu au kwa mtu yeyote anayekuja huku. Nimeacha kifuniko cha rejeta wazi nikikungoja.

Mama yako.